Kikulacho ki Nguoni Mwako: Alama Fiche Zinazoharibu Skripti za Tarakilishi

Na mwanafunzi wa Kidato cha 3, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Shabaha ya makala haya ni kukufundisha namna ya kumsaka adui mmoja mdogo sana ambaye huharibu kazi za tarakilishi huku haonekani kwa macho. Adui huyu amewatoa jasho watu wazima wenye vyeti vyao, sembuse sisi wanafunzi wa shule ya kutwa.

Najua kuna watakaouliza, "Jarida la Kiswahili na tarakilishi, wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi. Kama Kiswahili ni lugha yetu ya kweli, basi na tukitumie kazini, si katika insha na mashairi pekee. Isitoshe, jambo lenyewe nitakalolieleza ni la maandishi. Ni suala la alama moja tu iliyokaa mwishoni mwa mstari. Nani basi anayefaa kulijua kuliko mwanachama wa chama cha lugha?

1. Skripti na sheli ni nini?

Sheli ninayoizungumzia hapa si ile ya kuuza mafuta ya gari. Ni programu inayopokea amri unazoandika kwa herufi na kuipasha mashine. Katika mashine za Linux, sheli inayotumika sana huitwa bash. Badala ya kubonyeza picha, wewe huandika amri, kisha unabonyeza Enta, na kazi inafanyika.

Skripti ni faili ya maandishi ya kawaida ambayo ndani yake umepanga amri nyingi, mstari baada ya mstari, ili sheli izisome zote kwa mpigo. Ni kama mama aliyekuachia karatasi ya kazi za nyumbani: chota maji, osha vyombo, chemsha maharagwe. Wewe unasoma wa kwanza, unatenda, unaenda wa pili. Mstari wa kwanza wa skripti ya bash kwa kawaida huwa hivi:

#!/bin/bash

Maana yake ni, "Ewe mashine, mpe bash faili hii aisome, naye anapatikana katika njia /bin/bash." Shika sana mstari huo kwa maana tutaurudia.

2. Asili ya alama mbili

Ukibonyeza Enta, macho yako huona mstari mpya tu. Lakini ndani ya faili lazima kuwe na kitu kinachosema, "Mstari umeishia hapa." Kitu hicho ni alama iliyo na nambari yake, kama vile herufi A ilivyo na nambari 65. Balaa ni kwamba ulimwengu haukukubaliana ni alama ipi.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye taipureta. Shangazi yangu alikuwa karani wa kupiga taipu, naye alinieleza kwamba mstari ulipoisha alisukuma wenzo mmoja uliofanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukirudisha kigari mwanzo wa mstari. Ya pili ilikuwa kulisogeza karatasi juu ili mstari mpya uanze chini ya ule wa zamani. Zilipokuja mashine za Teletype, ambazo zilipiga chapa maneno yaliyotumwa kwa waya kutoka mbali, kazi hizo mbili zilitenganishwa na kila moja ikapewa alama yake. Utaratibu wa nambari za herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka wa 1963, ulizihifadhi zote mbili. Ile ya kurudisha kigari ni nambari 13. Ile ya kushuka mstari mmoja ni nambari 10.

Katika makala haya nitaiita nambari 13 kirudishi, na nambari 10 nitaiita kishushi. Kazi zake ndizo hizo: kimoja hurudisha, kingine hushusha.

Sasa ikawaje? Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka wa 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, uliamua kwamba kishushi peke yake kinatosha. Linux, iliyotolewa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, ilifuata nyayo hizo. Kwa upande mwingine, mfumo wa CP/M ulitumia alama zote mbili, kirudishi kikitangulia na kishushi kikifuata. MS-DOS ya mwaka wa 1981 ikairithi desturi hiyo, na Windows nayo ikairithi kutoka kwa MS-DOS. Tarakilishi za Macintosh za zamani zilitumia kirudishi pekee hadi Mac OS X ilipokuja mwaka wa 2001 na kujiunga na upande wa kishushi.

Kwa hivyo, faili iliyoandikwa kwenye Windows ikipelekwa kwenye Linux, kila mwisho wa mstari hubaki na kirudishi ambacho Linux haikukitarajia. Linux haikitupi. Hukichukulia kuwa ni herufi kama herufi nyingine, sehemu ya neno la mwisho. Hapo ndipo matata huanza.

3. Kwa nini alama moja tu ilete zogo?

Mwanachama wa Kiswahili hawezi kuuliza swali hilo mara mbili. Tazama maneno kata na kataa. Tofauti yake ni irabu moja tu mwishoni, lakini fundi akiambiwa "kata" asikie "kataa", ubao hautakatwa. Tarakilishi nayo ni vivyo hivyo. Kwake, neno "bash" na neno "bash" lililofuatwa na kirudishi ni maneno mawili tofauti kabisa. Moja analijua, lingine hajawahi kulisikia tangu azaliwe.

Tena alama hii ni hila tupu kwa sababu hata ukiifungua faili na kuisoma, huioni. Kirudishi hakina umbo. Kikifika kwenye terminali hutii kazi yake ya kale: humrudisha mshale mwanzo wa mstari, kisha kishushi kinamshusha chini. Wewe unaona mistari imepangwa vizuri kama askari wa gwaride. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini hapa hata mwenye macho yafaa aambiwe, tena aambiwe atazame kwa kifaa gani.

4. Dalili za ugonjwa

Daktari mzuri huanza na dalili. Zifuatazo ndizo dalili kuu. Maneno ya mashine nimeyaacha kama yanavyotokea kwenye kioo ili uyatambue utakapokutana nayo.

(a) Mashine inasema kitu hakipo ilhali kipo. Unaiita skripti yako nayo inajibu:

bash: ./orodha.sh: /bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory

Katika bash mpya zaidi jibu huwa hivi:

bash: ./orodha.sh: cannot execute: required file not found

Mtu huangalia akaona faili ya orodha.sh iko pale pale. Akaangalia /bin/bash, nayo iko. Anabaki kinywa wazi. Kumbe mashine inatafuta programu ambayo jina lake ni bash na kirudishi, na hiyo kweli haipo. Ile ^M ndiyo sura ya kirudishi kinapolazimishwa kuonekana. Hesabu A, B, C za Kiingereza hadi M utapata 13, na 13 ndiyo nambari ya kirudishi. Kwa hiyo ^M si takataka. Ni jina lake.

(b) Mistari mitupu inaleta kelele. Ukiiita skripti kwa kuandika bash orodha.sh, ule mstari wa kwanza huchukuliwa kama maelezo tu, kwa hiyo kosa la kwanza hupita. Lakini mbele utaona:

orodha.sh: line 2: $'\r': command not found

Hiyo \r ni sura nyingine ya kirudishi yule yule. Mstari wa 2 kwa macho yako ni mtupu, lakini ndani una kirudishi, na sheli inadhani umemwita mtu kwa jina hilo.

(c) Maneno ya sarufi ya sheli hayatambuliki. Sheli ina maneno kama do, then na fi, yanayofunga na kufungua mafungu ya amri. Yakibandikwa kirudishi hayatambuliki tena. Utaambiwa:

syntax error near unexpected token `$'do\r''

au utaambiwa faili imefika mwisho kabla ya fungu kufungwa, ilhali wewe unaiona fi imekaa mahali pake.

(d) Faili zinazaliwa na majina ya ajabu. Skripti ikiagizwa kuandika matokeo katika ripoti.txt, itaunda faili ambayo jina lake lina kirudishi mwishoni. Ukitaka kuisoma, unaambiwa haipo. Ukiorodhesha kwa amri ya ls, katika mashine za kisasa utaiona hivi:

'ripoti.txt'$'\r'

(e) Maneno yanapandana kwenye kioo. Hii ndiyo dalili inayonifurahisha zaidi. Jaribu mwenyewe:

jina=$(printf 'Juma\r')
echo "Alama za $jina ni 67"

Ungetarajia kusoma "Alama za Juma ni 67". Lakini kioo kitakuonyesha:

 ni 67za Juma

Mshale uliandika "Alama za Juma", ukakuta kirudishi, ukarudi mwanzo wa mstari, kisha ukaandika " ni 67" juu ya "Alama ". Hakuna jini wala mchawi. Ni kigari cha taipureta tu, kinarudi nyumbani.

5. Kisa cha maktaba: alama fiche inapomsingizia mtu

Dalili hizo tano hupiga kelele, na adui anayepiga kelele hukamatwa. Wa kuogopwa ni yule anayenyamaza. Kuna wakati skripti inafanya kazi bila kulalamika hata kidogo, kisha inatoa jibu la uongo. Hilo lilitukia katika chama chetu cha tarakilishi mwaka jana, muhula wa 2 ukikaribia kufungwa.

Mlezi wa maktaba alitaka orodha ya wanafunzi ambao hawajarudisha vitabu vya kiada. Ambaye angepatikana humo angetakiwa kulipia kitabu kabla ya kupewa ripoti yake ya muhula. Kulikuwa na faili mbili. Ya walioazima vitabu, majina 42, iliandikwa kwenye mashine ya Linux. Ya waliorudisha, majina 35, iliandikwa na kiranja wa maktaba kwa Notepad kwenye mashine ya Windows. Skripti ya kulinganisha ilikuwa na mstari mmoja tu wa kazi:

grep -vxFf waliorudisha.txt walioazima.txt

Maana yake ni: chukua kila mstari wa faili ya waliorudisha, ulinganishe na mistari kamili ya faili ya walioazima, kisha uonyeshe ile isiyolingana. Hesabu ya kawaida, 42 kutoa 35, ni 7. Skripti ikatoa majina 41. Haikutoa onyo wala kosa. Orodha ikachapishwa, ikabandikwa ubaoni.

Msichana mmoja wa Kidato cha 2 alikuja kwetu akilia. Alikuwa amerudisha kitabu chake mapema na akatia sahihi. Nyumbani kwao pesa ya kitabu kizima si pesa ya kuokota, na aliogopa kumwambia mamake kwamba tarakilishi imemwandika kuwa mdeni. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa pale akasema, "Lakini mashine haidanganyi." Neno hilo ndilo lililonichoma. Watu huamini karatasi iliyotoka kwa mashine kuliko wanavyomwamini mtu aliyesimama mbele yao na machozi.

Nikakaa na mwenyekiti wa chama tukazitazama faili mbili. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa. Jina la yule msichana lilikuwa katika zote mbili, herufi kwa herufi. Tukajiuliza swali moja: kati ya watu 35 waliorudisha, ni yupi aliyeachiliwa? Tukampata mmoja pekee, naye jina lake lilikuwa la mwisho kabisa katika faili ya waliorudisha. Kwa nini wa mwisho? Basi tukaiita amri hii ituonyeshe mistari ya mwisho pamoja na alama fiche zake:

tail -n 3 waliorudisha.txt | cat -A

Kioo kikatuonyesha:

4102 Amina^M$
4117 Baraka^M$
4125 Chebet

(Majina na nambari nimevibadilisha.) Mambo yakawa peupe. Kiranja alipomaliza jina la mwisho hakubonyeza Enta, kwa hiyo jina hilo halikuwa na kirudishi. Ndiyo sababu lililingana. Wengine wote 34 walikuwa na mkia usioonekana, na mashine ikasema huyu si yule. Tukaziondoa alama, tukaiita skripti tena, ikatoa majina 7. Orodha mpya ikabandikwa siku hiyo hiyo, na yule msichana akapata ripoti yake bila kulipa senti.

Nani alikosea? Kiranja aliandika majina sawasawa. Skripti nayo ilikuwa sahihi. Tatizo ni mila mbili za kumaliza mstari zilizokutana bila mkalimani. Ndiyo maana nasema maarifa haya si ya mchezo.

6. Namna ya kuchunguza

Ukishuku, usikisie. Chunguza kwa mojawapo ya njia hizi:

(i) file waliorudisha.txt
Amri hii husema faili ni ya aina gani. Ikiwa na maneno "with CRLF line terminators", jua kirudishi kimo ndani.

(ii) cat -A waliorudisha.txt
Hii huonyesha yote yaliyofichika. Mstari safi huishia kwa $ pekee. Mstari wenye kirudishi huishia kwa ^M$.

(iii) od -c waliorudisha.txt
Hii huonyesha kila herufi peke yake. Kirudishi huandikwa \r na kishushi \n.

(iv) grep -c $'\r' waliorudisha.txt
Hii hukuhesabia mistari mingapi ina kirudishi. Ikijibu 0, faili ni safi.

Kumbuka: cat peke yake, bila -A, haikusaidii. Itakuonyesha kile kile ambacho macho yako yamekwisha kudanganywa nacho.

Mkitafuta kirudishi mkakikosa, kuna ndugu yake mwingine. Programu nyingine huweka alama tatu fiche mwanzoni kabisa mwa faili, kabla ya herufi ya kwanza. Hapo mashine haioni #! kama mwanzo wa faili, na mstari wa kwanza unaharibika. Kwa cat -A alama hizo huonekana kama M-oM-;M-? mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Huondolewa kwa amri hii:

sed -i '1s/^\xEF\xBB\xBF//' orodha.sh

7. Tiba

Kabla ya kutibu, weka nakala. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yako ni nakala ya faili:

cp orodha.sh orodha.sh.zamani

Kisha chagua dawa mojawapo.

Dawa ya kwanza:

sed -i 's/\r$//' orodha.sh

Hii huondoa kirudishi kilicho mwishoni mwa kila mstari na kuiandika faili upya mahali pake.

Dawa ya pili:

tr -d '\r' < orodha.sh > orodha-safi.sh

Hii huondoa virudishi vyote na kuweka matokeo katika faili mpya. Angalia mambo mawili. Kwanza, faili mpya haina ruhusa ya kutendeshwa, kwa hiyo ipe kwa chmod +x orodha-safi.sh. Pili, usithubutu kuandika jina lile lile pande zote mbili. Sheli huimwaga faili ya upande wa kulia kabla amri haijaanza kuisoma ile ya kushoto, na utabaki na faili tupu. Utalia na kusaga meno.

Dawa ya tatu ni programu iitwayo dos2unix, kama imewekwa kwenye mashine yako:

dos2unix orodha.sh

Na kama unatumia kihariri cha vim, andika :set ff=unix kisha :wq.

Kama tayari umezaliwa ile faili yenye jina la ajabu, mbatize upya:

mv ripoti.txt$'\r' ripoti.txt

Onyo: dawa hizi ni za faili za maandishi tu. Picha, nyimbo na programu zilizotayarishwa zina nambari 13 ndani yake kwa sababu zake nyingine. Ukiiondoa humo umeiua faili.

8. Kinga

Kinga ni bora kuliko tiba. Kwanza, skripti ya Linux iandikwe kwa kihariri kinachokuruhusu kuchagua kiishio cha mstari. Katika vihariri vingi kuna kijisehemu pembeni chini kilichoandikwa LF au CRLF. LF ndiyo kishushi pekee, na CRLF ni zote mbili. Chagua LF. Notepad ya Windows kwa miaka mingi haikuweza hata kusoma vizuri faili zenye kishushi pekee, mistari yote ilishikana. Microsoft ilitangaza kurekebisha hilo mwaka wa 2018, lakini faili mpya unayoianza humo bado huandikwa kwa alama zote mbili.

Pili, wanaotumia Git kuhifadhi kazi waweke faili ya .gitattributes yenye mstari huu:

*.sh text eol=lf

Tatu, na hili ndilo chama chetu kililofanya, skripti inayopokea orodha kutoka kwa watu ijisafishie chakula kabla ya kula. Siku hizi mstari wetu wa maktaba ni huu:

tr -d '\r' < waliorudisha.txt | grep -vxFf - walioazima.txt

Nne, hesabu kwa kichwa kabla ya kuamini. Kama 42 kutoa 35 ni 7, na mashine imekupa 41, usikimbilie ubaoni na gundi.

9. Mazoezi

Tengeneza faili ya majaribio:

printf 'Juma\r\nAmina\r\n' > jaribio.txt

Sasa jibu maswali haya.

1. Faili ya jaribio.txt ina herufi ngapi kwa jumla, ukihesabu na zile fiche? Thibitisha kwa wc -c jaribio.txt. Baada ya kuisafisha zitabaki ngapi?

2. Skripti ya rafiki yako inalalamika "$'\r': command not found" katika mistari ya 3, 7 na 12 pekee. Mistari hiyo ina sura gani kwa macho?

3. Skripti inafanya kazi ukiandika bash salamu.sh, lakini ukiandika ./salamu.sh unaambiwa faili inayohitajika haikupatikana. Kwa nini?

4. Mtu ameandika tr -d '\r' < a.sh > a.sh. Amebaki na nini?

Majibu: (1) Ni 13, yaani Juma 4, Amina 5, na alama fiche 4. Baada ya kusafisha hubaki 11. (2) Ni mitupu, lakini kila mmoja una kirudishi. (3) Ukitumia bash moja kwa moja, mstari wa kwanza ni maelezo tu. Ukitumia ./ mashine huutii, ikatafuta bash mwenye mkia. (4) Faili tupu, na funzo.

Tamati

Msomaji wangu, usilolijua ni kama usiku wa giza. Sasa umelijua. Ukiona faili zako mbili zinafanana kama shilingi kwa ya pili na mashine inashikilia kwamba ni tofauti, usiitukane na wala usiizime kwa hasira. Inakwambia ukweli kuhusu kitu ambacho wewe hukioni. Na siku utakapoona jina la mwenzako kwenye orodha mbaya naye anakuapia kwamba hana deni, mpe kiti akae, kisha uandike cat -A.

Chama cha tarakilishi hukutana kila Alhamisi baada ya masomo, kabla ya wa mbali kuanza safari ya nyumbani. Aliye na faili iliyomshinda na ailete tuitazame pamoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Wakatabahu, ni mimi mwenzenu.